Siri za Vita na Haki ya Raia: Funzo la Delta ya Rufiji

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo imenenwa mara nyingi, lakini kuna sehemu yake moja ambayo wengi hatuitaji: nyasi hizo huwa za mwisho kuelezwa kwa nini tembo walipigana, walikubaliana nini baadaye, na nyasi ngapi zilikanyagwa. Wakati wa vita kila serikali hufunga mlango wa habari. Husema kwamba inamficha adui. Lakini tukiitazama historia kwa makini tutaona kuwa mara nyingi adui alikuwa amekwisha jua, na aliyefichwa kwa hakika alikuwa raia.

Ni watu wachache katika Tanzania wenye haki ya kulizungumza jambo hili kama wakazi wa Chumbi, Mohoro, Salale, Mbwera na visiwa vya delta ya mto Rufiji, pamoja na jirani zao wa Mafia. Kati ya mwaka 1905 na 1918 vita viwili vikubwa vilipita juu ya ardhi na maji yao. Vyote viwili viliandikwa na wageni, na kila mwandishi aliandika kwa faida ya bendera yake. Kwa hiyo si vibaya leo viongozi na wananchi wakaketi pamoja kuyapima yale yaliyofichwa, yale yaliyotiwa chumvi, na gharama iliyolipwa kwa hayo yote.

Mnong'ono wa Ngarambe

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kusini mwa Rufiji. Kabla ya hapo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha wakusanya watu wa makabila mbalimbali waliochoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na viboko. Habari za maji yake hazikupita katika gazeti wala baruani. Zilipita kwa mnong'ono, mtu na mtu, kijiji na kijiji, kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na maboma, maakida na askari, lakini haikuwa na sikio katika mnong'ono huo. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, jirani kabisa na Chumbi, Agosti 4, 1905. Kifo chake hakikuzuia vita kuenea hadi Songea na Mahenge.

Lazima tuseme kweli yote. Ahadi kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji nayo ilikuwa uenezi wa vita. Iliwapa watu umoja na ushujaa ambao haukuwahi kuonekana, na hapo hapo iliwapeleka wengi mbele ya bunduki za rashasha bila kinga. Anayeeneza neno wakati wa vita, awe mtawala au mtawaliwa, hushika roho za watu mkononi.

Baada ya vita likaja suala la hesabu. Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wa Tanzania, Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa kusini, alikadiria kuwa walikufa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa kosa la karani. Aliyekufa kwa risasi huhesabiwa kirahisi, lakini mama aliyekufa kwa njaa miezi sita baada ya ghala lake kuchomwa hakuingizwa katika daftari la vita. Kadhalika Gavana von Götzen alipoeleza chanzo cha vita aliwalaumu waganga na njama zao kuliko pamba ya kulazimishwa. Hivyo aliyeumiza akageuzwa kuwa hakimu wa maumivu yale.

Manowari katikati ya mikoko

Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, delta ikapata mgeni asiyealikwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar alfajiri ya Septemba 20, 1914 na kuiangamiza. Kisha ikatoweka. Ilikuwa imeingia katika mito ya delta, ikajificha nyuma ya mikoko, milingoti yake ikifunikwa kwa matawi ya miti. Wajerumani waliweka askari na walinzi kwenye midomo ya mito, wakaunganisha vituo vyao kwa nyaya za simu.

Waingereza waliitafuta kwa majuma kadhaa. Fununu waliyoipata ilitoka Lindi, katika karatasi za meli ya Präsident, iliyokuwa ikidai kuwa meli ya hospitali. Karatasi hizo zilionyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Salale. Oktoba 30, 1914 manowari Chatham ikaigundua Königsberg. Ifahamike kwamba wavuvi na wakata boriti wa Salale hawakuhitaji karatasi za Lindi. Meli yenye urefu wa zaidi ya mita 100 haiwezi kuwa siri kwa mwenye mto. Siri ile ilikuwa siri kwa wakubwa wa London. Kwa watu wa delta ilikuwa mzigo, kwa maana yeyote kati yao aliyekamatwa na upande mmoja aliulizwa habari za upande wa pili.

Hapa pana jambo la kushangaza. Siku tatu tu kabla ya Chatham kuiona Königsberg, yaani Oktoba 27, 1914, manowari kubwa ya Kiingereza iliyoitwa Audacious iligonga bomu la baharini karibu na pwani ya Ireland, ikazama. Serikali ya Uingereza iliamua kuificha habari hiyo, ingawa abiria wa meli ya Olympic waliiona ikizama na wengine wakaipiga picha. Wajerumani walipata habari katika muda wa majuma machache. Lakini tangazo rasmi kwa wananchi wa Uingereza lilitolewa Novemba 14, 1918, vita vilipokwisha. Kwa miaka minne, aliyefichwa hakuwa adui.

Huku kwetu Königsberg ilizingirwa. Mnamo Novemba 1914 Waingereza waliizamisha meli ya makaa iitwayo Newbridge katika mkondo wa Suninga ili kuziba njia. Januari 1915 waliiteka Mafia, na kisiwa hicho kikawa kituo cha ndege zao. Mwindaji wa Afrika Kusini, P. J. Pretorius, alitumwa kupeleleza na kupima kina cha mito. Mwishowe, katika mashambulizi ya Julai 6 na Julai 11, 1915, meli za mizinga Severn na Mersey ziliingia deltani zikiongozwa na ndege kutoka Mafia, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao iliyokuwa imekwisha haribiwa. Mizinga yake kumi waliiopoa, wakaitumia nchi kavu. Mmoja wapo umehifadhiwa Ngome ya Yesu, Mombasa.

Vitabu vingi vimeandikwa Ulaya juu ya ushujaa wa mabaharia hao wa pande zote mbili. Majina ya maofisa yanajulikana, na vyeo vyao, na hata nishani walizopewa. Lakini waliokata matawi ya kuificha meli, waliobeba makaa, walioburuta mizinga, na waliokimbia makazi yao mabomu yalipoanza kuanguka, hawana majina. Huo nao ni udhibiti wa habari, ingawa hakuna sheria iliyoandikwa kuuamuru. Mtu anaweza kufutwa katika historia kwa kutotajwa tu.

Dini nayo ikavishwa magwanda

Mnamo Novemba 1914 Dola ya Uthmaniya, mshirika wa Ujerumani, ilitangaza jihadi kutoka Istanbul. Gavana Heinrich Schnee na maofisa wake wakaueneza wito huo kwa Waislamu wa pwani ili wawachukie Waingereza. Lakini serikali hiyo hiyo, mwaka 1913, ilikuwa imewapelekea maofisa wake waraka wa kuuliza jinsi ya kuuzuia Uislamu usienee, hata ikauliza kama ufugaji wa nguruwe ungesaidia. Waingereza walipoiteka Moshi mwaka 1916 waliupata waraka huo, wakautangaza kwa furaha. Hawakuutangaza kwa kuupenda Uislamu. Waliutangaza kwa kuwa ulikuwa silaha. Muumini wa Mafia au wa Mbwera, aliyekuwa akisali kwa ajili ya Mungu wake, akajikuta anavutwa mkono na dola mbili, na hakuna iliyomwuliza yeye anataka nini.

Wakati huo magazeti ya Kiswahili yalikuwako. Kiongozi lilichapishwa katika shule ya serikali Tanga tangu 1904, na Pwani na Bara pamoja na Rafiki Yangu yalikuwa ya misheni. Hakuna hata moja lililokuwa mali ya Waafrika wenyewe. Yote matatu yalikoma mwaka 1916, utawala wa Mjerumani ulipoanguka. Jirani yetu Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Mchungaji John Chilembwe alijaribu kusema. Mnamo Novemba 1914 alipeleka barua katika gazeti la Nyasaland Times, akiuliza kwa nini Mwafrika amwage damu katika vita ambavyo si vyake, hali matajiri na wenye vyeo wanabaki nyumbani. Serikali ililizuia toleo lile. Januari 1915 Chilembwe aliongoza uasi, na mapema Februari akauawa. Hatuwezi kudai kwamba barua ile ingechapishwa uasi usingetokea. Lakini ni dhahiri kuwa kuzimwa kwa sauti hakukuzima hasira. Kuliiondolea serikali nafasi ya kuisikia mapema.

Ushindi uliotangazwa London

Januari 1917 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliuvuka mto Rufiji. Mwezi huo huo Smuts akaondoka kwenda London, na huko akaeleza kwamba vita vya Afrika Mashariki vimekwisha kwa sehemu kubwa, yamebaki mabaki ya kufagiwa. Magazeti ya Ulaya yakaridhika. Lakini aliyekuwa Rufiji aliyaona mambo tofauti. Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, mto ukafurika, askari na wapagazi wakakwama katika matope wakiumwa malaria na kuhara, na chakula cha wenyeji kikachukuliwa na majeshi ya pande zote mbili. Oktoba 1917 pale Mahiwa, katika nchi ya Lindi, upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa katika siku nne. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck hakusalimu amri mpaka Novemba 25, 1918, huko Abercorn, ambayo leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Karibu miaka miwili ilipita tangu ushindi utangazwe.

Walioteseka zaidi ni wapagazi. Takwimu rasmi za Uingereza zenyewe zilitaja vifo vya wapagazi wapatao 95,000, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Hao walikufa zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, ambako kila siku maelfu ya watu hununua na kuuza bila kukumbuka kwamba hapo palikuwa kambi ya wabeba mizigo wa vita. Wajerumani nao, baada ya kushindwa, walieneza hadithi ya askari mwaminifu aliyempenda bwana wake, wakaitumia kudai warudishiwe makoloni. Katika hadithi hiyo hakuna mpagazi aliyefungwa kamba ili asitoroke.

Redio mbili za mwaka 1978

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya wakoloni peke yao. Vita vya Kagera tulipigana tukiwa taifa huru, na haki ilikuwa upande wetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi ya Tanzania kaskazini mwa mto Kagera. Redio ya Uganda kwanza ilidai kuwa Tanzania ndiyo iliyovamia. Kisha, mwanzoni mwa Novemba, ikatangaza kwamba eneo lile limetekwa na kufanywa sehemu ya Uganda, na ikajisifu kwa kasi ya ushindi huo. Uongo ule ulikuwa mkubwa, na ulikuwa na ncha mbili. Wananchi wa Uganda walioaminishwa kwamba jeshi lao halishindiki walishangaa baada ya miezi michache kuona askari wale wale wakikimbia. Aprili 11, 1979 ilikuwa ni redio hiyo hiyo ya Kampala iliyotangaza, kwa sauti ya Luteni Kanali David Oyite-Ojok, kwamba Amin ameangushwa.

Kwa upande wetu, Novemba 2, 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akasema waziwazi kwamba tumevamiwa na kwamba tutampiga mvamizi, na akataja uwezo, sababu na nia. Hotuba ile imebaki midomoni mwa watu kwa kuwa haikuwapamba. Iliwaeleza jambo walilokuwa wakitaka kulijua. Lakini hata serikali yetu ilikuwa na siri zake. Majeshi yalipoendelea ndani ya Uganda, kwa muda mrefu taarifa za serikali zilisisitiza kwamba mapigano yale yalikuwa ya Waganda waliokimbilia uhamishoni, hali sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vijana wetu wa Jeshi la Wananchi. Sababu za kidiplomasia zilieleweka, kwa maana nchi nyingi za Afrika zilishikilia kwamba mipaka isivukwe. Hata hivyo, mzazi mwenye kijana vitani alihitaji kujua kijana wake yuko wapi. Wapo waliolala katika makaburi ya Kaboya, Wilaya ya Muleba, na taifa huwakumbuka kila Julai 25. Baada ya vita tuliombwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Watu walikubali. Dhiki ilidumu zaidi ya miezi hiyo, na waliokuwa wakipanga foleni kutafuta sabuni na sukari walistahili kupewa hesabu kamili ya sababu zake.

Vita visivyotangazwa

Mwaka 2017 wilaya zetu za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika kipindi kigumu cha mauaji. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa, askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja Aprili 13, na vyombo vya dola vikaingia kwa nguvu. Hatukutangaziwa vita, lakini mazingira ya vita yalikuwako. Watu walifunga milango jioni, boda boda zikapunguza safari, na taarifa rasmi zikawa chache. Mahali pa taarifa pakajazwa na uvumi: kila mgeni akawa adui, kila asiyeonekana akatungiwa kisa. Novemba 21, 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi juu ya mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti na hakuonekana tena.

Hatuandiki haya ili kumtia mtu hatiani. Hiyo ni kazi ya uchunguzi na mahakama. Tunayaandika kwa sababu mnong'ono wa 2017 ulikuwa ndugu wa mnong'ono wa 1905. Mwananchi asipoambiwa husikiliza, na asipopata wa kumsikiliza hujisimulia mwenyewe. Ofisa anayedhani kwamba kimya kimeleta utulivu na atembee Nyamisati au Chumbi aketi barazani. Atasikia kwamba watu hawakusahau, wamenyamaza tu.

Siri halali na siri isiyo halali

Hatusemi kwamba serikali ifungue kila kabati. Jeshi haliwezi kutangaza njia litakayopita kesho, wala idadi ya risasi zake. Kufanya hivyo ni kuwauza vijana wetu. Siri ya namna hiyo ni halali, na mwananchi mwenye akili huikubali bila kulazimishwa.

Lakini siri halali ina alama tatu. Kwanza, humficha adui jambo ambalo kweli halijui; haimfichi raia jambo ambalo adui analijua. Pili, ina mwisho. Njia ya jeshi ni siri leo. Baada ya miaka kumi ni historia, na historia ni mali ya wananchi. Tatu, haihusu miili. Aliyekufa, aliyejeruhiwa, aliyekamatwa au aliyepotea hawezi kuwa siri kwa mama yake. Serikali inayoficha idadi ya wafu haimwogopi adui. Inaogopa maswali ya watu wake.

Kuhusu sheria, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo mkubwa wa kulifungia gazeti. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Majina ya sheria hubadilika. Linalotakiwa kubadilika pia ni mazoea ya ofisini, yale ya kumwona mwandishi anayeuliza kuwa mchochezi na mwanakijiji anayelalamika kuwa mbeba siri. Mkuu wa wilaya anayeitisha mkutano wa hadhara wakati wa hatari, akasema lile analolijua na kukiri lile asilolijua bado, hufanya kazi kubwa ya ulinzi kuliko doria kumi.

Yako mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja bajeti kubwa. Halmashauri za Rufiji, Kibiti na Mafia zinaweza kuwatuma walimu na wanafunzi wa sekondari kuyakusanya masimulizi ya familia juu ya Maji Maji, juu ya manowari ya Salale na juu ya wapagazi, kabla wajukuu waliosimuliwa na waliosimuliwa hawajaondoka. Shule zetu zinaweza kufundisha vita vya delta kwa majina ya vijiji vya delta, si kwa majina ya meli peke yake. Na familia zilizopoteza watu mwaka 2017, raia na polisi kwa pamoja, zinastahili kupewa maelezo kwa maandishi, hata yakiwa machache, kutoka kwa mwenye dhamana.

Wazee wetu walisema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Njia ya mficha ukweli ni ndefu kidogo, kwa kuwa hupita katika ofisi nyingi, lakini nayo ina mwisho. Mwananchi wa delta amekwisha vumilia dola tatu. Haombi kuambiwa siri za jeshi. Anaomba hesabu ya watu wake, na hesabu hiyo ni deni ambalo serikali yoyote halali hulilipa ikiwa bado hai.